Pongezi kwa wanaousoma ubongo

Hapa Kindu, mkoani Maniema, kando ya mto Lualaba, mzee akishika kikombe cha chai na kukiita “kile kitu”, majirani hunong’ona kuwa amerogwa. Kumbe tangu mwaka 1892 daktari Arnold Pick alieleza kuwa mtu aweza kupoteza maneno kwa sababu ubongo wake unasinyaa. Leo picha ya MRI huonyesha kusinyaa huko kwa mgonjwa aliye hai, mara nyingi upande wa kushoto, jirani na sikio. Nampongeza Profesa Jean Ikanga na wenzake, waliowapima wazee wa Kinshasa kumbukumbu na ubongo. Picha haiponyi, lakini humwondolea mzee aibu ya uchawi. Hongereni sana! Maniema tunawangoja.