Miles Magister, Ndege ya Maseremala

Mwaka 1937 ndege za kivita za Hurricane zilikuwa mbioni kuingia katika vikosi vya anga vya Uingereza, na Spitfire zilifuata mwaka 1938. Zote zilikuwa na bawa moja tu kila upande, limekaa chini. Lakini vijana waliotarajiwa kuzirusha walikuwa wakijifunzia ndege za mabawa ya ghorofa mbili, zilizoshikizwa kwa nguzo na nyaya. Pengo hilo lilizibwa na mbunifu wa ndege F. G. Miles kutoka karakana za Phillips & Powis huko Woodley, karibu na mji wa Reading. Ndege yake ya mafunzo iliitwa Magister: ilikuwa na bawa la chini kama zile za vita, nayo ilikuwa ya mbao.

Mifupa yake ni ya sprusi, mti mwepesi wenye nyuzi ndefu zilizonyooka. Juu yake imevalishwa ngozi ya plaiwudi, na ngozi hiyo si pambo: inabeba mzigo pamoja na mifupa, ndiyo maana bawa linajitegemea bila nguzo ya nje hata moja. Basi kila kiungo kimebeba roho za watu wawili, mwalimu na mwanafunzi. Seremala anachagua ubao usio na fundo, anafuata mkondo wa nyuzi, anapiga randa mpaka nyuso mbili zigusane pote, anapaka gundi, anabana, anasubiri. Kisha plaiwudi inafunika kila kitu. Namvulia kofia fundi huyo, kwa kuwa sehemu bora ya kazi yake imejificha ndani ya bawa, ambako hakuna wa kumsifu.

Viti ni viwili, kimoja nyuma ya kingine, bila paa. Mwalimu na mwanafunzi walisemezana kwa mrija, maana upepo na injini ya Gipsy Major ya nguvu farasi 130 vilimeza sauti. Kulikuwa na flapu pia, yaani sehemu za ukingo wa nyuma wa bawa zinazoshushwa ndege inapotua, ambazo Tiger Moth, mojawapo ya zile ndege za mabawa ya ghorofa mbili, haikuwa nazo, hivyo mwanafunzi alizoea mapema namna ya kutua ambayo angeikuta kwenye ndege za vita.

Haikuzaliwa kamili. Za mwanzo zikianza kuanguka huku zinazunguka kama pia, kuzitoa humo kulikuwa kazi ngumu. Mafundi wakaongeza vibao vyembamba kwenye kiwiliwili, mbele ya mkia, wakaweka na usukani wa mkia ulio mrefu zaidi. Kwangu mimi, ufundi wa ndege ya mafunzo unapimwa hapo hasa. Mwanafunzi atakosea tu, hilo halina mjadala. Ndege lazima imwachie nafasi ya kujirekebisha.

Zilijengwa zaidi ya 1,200. Adui wa ndege za mbao za Miles alikuja kuwa unyevu, uliodhoofisha gundi ya zama zile, na nyingi hazikuruka tena. Moja ingali ikitunzwa katika mkusanyo wa ndege za kale wa Shuttleworth huko Old Warden, Bedfordshire. Ukijaliwa kufika, anza kuitazama mkiani, kwenye vile vibao.