Fei Toto na Yanga: Hadithi Kali, Mwisho wa Kuazima

Niseme mapema, asije mtu akaninunia bure: mimi si Yanga, si Simba, na haya si makala ya michezo. Naandika kama msomaji wa hadithi. Na mgogoro wa Feisal Salum, Fei Toto, na klabu yake ya Yanga ni hadithi kali kuliko nyingi tunazozitunga sisi vijana. Ubaya wake ni mwisho.

Muhtasari kwanza, kwa waliosahau. Desemba 2022 kiungo huyu wa Zanzibar, aliyekuwa Yanga tangu 2018, aliaga. Mkataba ulikuwa bado unamfunga hadi 2024. Yeye akadai mkataba wenyewe unamruhusu kuuvunja, akailipa klabu shilingi milioni 112: milioni 100 za kuvunja, milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Yanga wakazirudisha. Januari 2023 kamati ya TFF ikasema huyu bado ni mchezaji wa Yanga. Akaomba marejeo, akagonga mwamba. Akaanza kuchangisha fedha ili aende CAS, mahakama ya michezo kule Uswisi.

Sasa tuingie kwenye fani na maudhui, kama tulivyofundishwa darasani.

Wahusika. Katika hadithi zetu za mchezaji na mwenye timu, tajiri hakosi kitambi na gari jeusi. Hapa, bwana, huyo tajiri yuko wapi? Yanga ilianzishwa 1935, ni klabu ya wanachama, na jina lake la utani ni Wananchi. Fedha nyingi zinatoka kwa mfadhili, GSM. Na rais wa klabu wakati huo, Hersi Said, aliyechaguliwa Julai 2022, alitokea huko huko GSM. Basi mwenye timu nani? Mwenye kadi, mwenye fedha, au mwenye kiti? Mchezaji akigombana na tajiri, watu humwonea huruma. Akigombana na Wananchi, kila konda na kila muuza kahawa anaona kaibiwa yeye. Hakuna mtunzi wetu aliyewahi kumpa mhusika wake adui mgumu namna hiyo: adui ambaye ni umati uliokuwa ukimshangilia.

Lugha. Klabu ilizungumza lugha ya vifungu. Vijiweni likawa suala la msaliti na mtumwa, maneno makubwa yaliyochoka. Halafu akaja mama yake mzazi, akasema mwanawe alikuwa akila ugali na sukari. Basi. Maneno matatu tu, nchi nzima ikayashika. Mashabiki wakayageuza utani, lakini hata aliyecheka hakuyasahau. Niambie, nani anakumbuka namba ya kifungu?

Wengi watasema hapo kuna somo: tumia kitu kinachoonekana, kinacholika. Ni kweli, lakini mimi nina wasiwasi nalo. Ugali na sukari ulituingia moyoni ukatufanya tusiulize tena mkataba unasema nini. Tamathali nzuri inaweza kuwa pazia. Mhakiki akishangilia picha tu, bila kuchungulia nyuma yake, anafanya kazi ya shabiki.

Mwisho. Juni 2023 Yanga walialikwa Ikulu baada ya kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, walikolikosa kombe kwa USM Alger kwa sheria ya bao la ugenini. Hapo Rais Samia akawaambia viongozi walimalize suala la Fei. Siku chache tu, kijana akauzwa Azam, timu ambayo mwenye mali anajulikana: Bakhresa. Msimu wa 2023/24 akaifungia mabao 19 ya ligi.

Kwa maisha yake, heri. Sisemi Rais alikosea; mkubwa kusuluhisha ni jambo la kwetu. Lakini kwa hadithi, huo ni mwisho wa kuazima. Kamati ilisema hapana, kijana akataka swali lake lipimwe mbele: mchezaji anaweza kulipa na kuondoka, au hawezi? Kabla halijapimwa, likazimwa kwa neno moja kutoka juu. Sasa yule beki wa timu ya mkoani, ambaye jina lake halifiki Ikulu, akikwama vivyo hivyo afanyeje?

Nasema haya kwa sababu hadithi zetu nyingi zinaishia hapo hapo. Kijana anadhulumiwa kurasa kumi, ya kumi na moja anatokea mjomba kutoka Ulaya au mkuu wa mkoa mwenye huruma, mambo yanakwisha. Tunaita matumaini. Mimi naita kukimbia swali.

Ningependa kusoma hadithi ya siku ya kusaini: chumba, feni inayozunguka, kijana mwenye miguu ya dhahabu, makaratasi ambayo mwenzake wa upande wa pili ameyasoma na yeye hajayasoma. Mgogoro wote umelala pale kwenye meza, kabla hata mpira haujapigwa. Na usidhani ni mambo ya wanasoka tu. Siku mchapishaji atakapokuletea mkataba wa kitabu chako cha kwanza, utakuwa na furaha kiasi cha kusaini hata gazeti. Soma kwanza, hadi mstari wa mwisho. Wewe hakuna atakayekualikia chakula cha jioni.