Kiswahili cha Bure, Mlango wa Kiingereza

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu ni wachache, kwa hiyo hapa Kampala anayetaka kujifunza huelekezwa kwenye simu yake: huko kuna masomo ya bure. Nimezipitia zana tatu zinazojulikana, nikijiuliza swali moja: aliyezitengeneza alimfikiria mwanafunzi gani?

Ya kwanza ni Duolingo, iliyofungua kozi ya Kiswahili mwaka 2017. Mazoezi yake ni mafupi na humzoesha mtu kusoma kila siku. Hilo ni jema. Lakini kozi hiyo ni ya wazungumzaji wa Kiingereza. Sentensi hutafsiriwa kutoka Kiingereza na kurudishwa hukohuko. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo, kwamba kitabu kizuri huwa vitabu vizuri ni jambo geni. Mganda analijua tangu utotoni, maana husema ekitabo kirungi, ebitabo birungi.

Ugumu wake uko kwingine: katika maneno yanayofanana kwa sura na kutofautiana kwa maana. Okulinda kwa Kiganda ni kungoja; kulinda kwa Kiswahili ni kukinga na hatari. Okuwa ni kupa, lakini kuwa si kupa. Mganda akimwambia mwenzake "nilinde", anaomba ulinzi ilhali alitaka kusubiriwa tu. Kozi inayoanzia kwenye Kiingereza haina sababu ya kumwonya, kwa kuwa Mwingereza hawezi kukosea hivyo.

Ya pili ni Google Translate, iliyoongeza Kiganda mwaka 2022. Sasa mtu anaweza kuandika Kiganda akapata Kiswahili bila kujua Kiingereza. Hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo, chombo hiki hutoa jibu bila maelezo. Anayekitumia hupata sentensi ya leo, na kesho hurudi kuomba nyingine. Humsaidia kupeleka ujumbe, lakini hakimfundishi.

Ya tatu, African Storybook, haisifiwi sana, nami naiona bora kwetu. Ni mkusanyiko wa hadithi za watoto ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini. Hadithi zipo katika lugha nyingi za Afrika, na nyingine unaweza kuzisoma kwa Kiganda na kwa Kiswahili pia. Mwanafunzi akiziweka nakala mbili pamoja, huona mwenyewe wapi lugha hizi zinakutana na wapi zinaachana. Tena hadithi huweza kupakuliwa na kuchapishwa. Nakala moja hutumiwa na darasa zima, na hilo si dogo mahali ambapo tangu Julai 2021 bando la intaneti hutozwa ushuru wa asilimia 12. Kasoro zake zipo: tafsiri hutofautiana kwa ubora, na hakuna mazoezi wala mpangilio wa masomo. Bila mwalimu, mtu mzima anaweza kuchoka mapema.

Kwa hiyo neno "bure" lisitupumbaze. Mchuuzi wa Owino asiyejua Kiingereza hawezi kuingia katika kozi ya Duolingo hata akipewa simu na bando. Kiganda na Kiswahili ni ndugu wa Kibantu, lakini tunawakutanisha kwa kupitia kwa mgeni.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaojua Kiganda, Kisoga au Kinyankole hatuhitaji kusubiri kampuni ya ng'ambo. Tuanze na orodha ya maneno kama linda na kuwa, yenye mifano na sauti, katika faili dogo linaloweza kutumwa kwa simu. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inamhitaji mtu anayezijua lugha zote mbili, na watu hao ni sisi.