Mshororo Uliokatwa

Mwezi wa Januari 2014 kampuni ya Apple ilitoa tangazo la iPad Air ambalo wapenzi wa ushairi wana haki ya kulipima, kwani kinachosifiwa humo kwa maneno si chombo kinachouzwa bali ni ushairi wenyewe. Sauti ni ya Robin Williams, iliyochukuliwa kwenye filamu ya Dead Poets Society ya mwaka 1989. Mwalimu anawaambia wanafunzi wake kwamba udaktari, sheria, biashara na uhandisi ni kazi adhimu zinazoyategemeza maisha, ila ushairi na mapenzi ndivyo vinavyomfanya mtu atake kuishi. Kisha anawasomea Walt Whitman, na kuwauliza watachangia ubeti gani. Machoni mwa mtazamaji wanapita watu walio kazini, hata chini ya bahari, iPad zikiwa mikononi mwao.

Ni wepesi kulilaani tangazo hili kwa hoja kwamba mashairi hayapaswi kuingia sokoni. Hoja hiyo haisimami. Whitman mwenyewe alikuwa mchuuzi hodari: mwaka 1855 alichapisha Leaves of Grass kwa juhudi zake, akaandika tahakiki za kukisifu kitabu hicho bila kutia jina lake, na katika toleo la 1856 akapiga kwa dhahabu, kwenye mgongo wa kitabu, sifa alizoandikiwa na Emerson katika barua ya faragha. Wala pwani si ngeni kwa jambo hilo. Kanga huuzwa kwa jina lake kama inavyouzwa kwa rangi zake, na maneno yale hayapungui utamu kwa kupita mikononi mwa mfanyabiashara. Mwanamke huinunua ili aseme lake, kwa amtakaye, kwa maana aijuayo yeye.

Basi kasoro iko wapi? Iko ndani ya shairi, pale mkasi ulipopita. "O Me! O Life!" ni shairi fupi lisilo na vina wala mizani, na wenye kushika kanuni wangeliita guni. Lina sehemu mbili: malalamiko marefu, na jibu fupi. Katika malalamiko, mshairi anawataja watu wasio waaminifu na miji iliyojaa wapumbavu. Lakini papo hapo anajigeukia mwenyewe, anajilaumu, na kukiri kwamba hakuna aliyemzidi kwa mambo hayo mawili. Mshororo huo wa kujilaumu haumo katika filamu, na kwa hiyo haumo katika tangazo.

Ukiuondoa, wapumbavu wote wanabaki nje, na msikilizaji anasimama msafi akingoja kuambiwa kwamba naye ana ubeti wake. Jibu linageuka pongezi. Ukiurudisha, jibu lilelile linakuwa rehema kwa mtu aliyekwisha kujihukumu. Msomaji wa Al-Inkishafi anaijua hali hiyo: Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mbele ya majumba ya Pate yaliyokwisha kuwa magofu, aliusuta moyo wake mwenyewe. Tangazo nalo hupenda mtu ajione ana upungufu, mradi upungufu huo uwe na dawa yake dukani. Lawama ya Whitman haina dawa ya kununua.

Mwezi wa Mei 2024 kampuni hiyohiyo ilitangaza iPad Pro kwa filamu fupi iitwayo "Crush!". Shinikizo kubwa la chuma linashuka juu ya piano, tarumbeta, makopo ya rangi na ala nyingine za sanaa, linaviponda vyote, na linapoinuka imebaki iPad nyembamba. Wasanii walighadhibika, kampuni ikaomba radhi baada ya siku chache, na tangazo halikupelekwa kwenye televisheni kama ilivyokusudiwa. Wengi waliona kwamba tangazo hili limelisaliti lile la kwanza. Ukweli ni kwamba limelifichua. Mwaka 2014 shairi lilikuwa limekwisha kubanwa, kwa sauti nzuri na picha za kupendeza, na hakuna aliyesikia kitu kikivunjika.

Shairi zima la Whitman halijazi ukurasa mmoja. Anayetaka kuchangia ubeti wake na alisome lote, hata kama ni juu ya iPad, na asiuruke mshororo ule.