Mtumbwi Mzuri Hujulikana kwa Chini Yake

Soko la Tukuyu lina ndizi, viazi, maparachichi na samaki wa Nyasa waliopandishwa alfajiri, lakini mtumbwi hauletwi huko juu. Anayeutaka hushuka mwenyewe. Mji uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,600, Ziwa Nyasa liko kwenye mwinuko usiofika mita 500, na njia inayofaa kwa mnunuzi ni ile ya Masoko na Ipinda hadi Matema, kwa sababu humpitisha kwenye maji ya aina mbili ndani ya safari moja. Asiyejua tofauti ya maji hayo atanunua chombo kwa kuangalia ung'avu wa ubavu wake, na fundi mjanja hukuza ung'avu huo kwa msasa na mafuta katika saa chache.

Ziwa Masoko, ambalo wengine huliita Kisiba, ni shimo la volkano lenye upana wa mita zipatazo 700 na kina cha zaidi ya mita 30. Kingo zake zimesimama pande zote, upepo haupati nafasi ya kukimbia, na mawimbi ni madogo. Wanasayansi wamelifahamu ziwa hili kwa samaki wake: mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha kuwa jamii moja ya samaki humo inagawanyika kuwa mbili. Madume wa karibu na kingo wana rangi ya manjano yenye kijani, na wa kina kirefu ni wa buluu. Kwa mvuvi maana yake ni kwamba urefu wa mshipi ndio unaoamua nani atashika ndoana. Kwa mnunuzi wa mtumbwi, maana yake ni kwamba maji kama haya husamehe. Chombo chenye mdomo mpana, chenye ubavu mwembamba, hata kilichopinda kidogo, kitavuka Masoko bila kumdhuru mtu.

Nyasa halisamehi. Pale Matema milima ya Livingstone imeshuka moja kwa moja hadi majini, na ziwa lina umbali mrefu sana upande wa kusini ambako upepo hujikusanyia nguvu. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini, ambao ng'ambo ya Malawi huitwa mwera, husukuma mawimbi hadi kwenye pembe hii ya kaskazini. Kisha kuna mito. Kiwira, Mbaka na Lufilyo hutoka kwenye nchi ya mvua. Sehemu za Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mito hiyo inapofurika hushuka na matawi, visiki na miti mizima iliyong'olewa kingoni. Mingine huelea, mingine huzama nusu, ikabaki na ncha inayoelekea juu chini ya maji ya rangi ya chai. Ndipo mtumbwi unapopimwa.

Uchunguzi huanza na mti. Mninga unapendwa kwa sababu unapokauka haunywei sana, hivyo haupasuki hovyo, na wadudu hawaupendi. Mvule ni mgumu na hudumu, ila ni mzito kuuburuta mchangani. Mkangazi hutoa mtumbwi mwepesi na mnyoofu. Mwembe hupatikana kwa urahisi na fundi huuchonga haraka, lakini huoza mapema, na anayeuuza kwa bei ya mninga anategemea mnunuzi asiyejua kutofautisha. Dawa ni kuomba kukwangua kidogo sehemu ya ndani, mbali na mafuta. Rangi ya mti mzuri huingia ndani. Ikiwa chini ya tabaka la juu mti ni mweupe na laini, hiyo ni sehemu ya karibu na gome, na hapo ndipo uozo huanzia. Weupe kwenye ukingo wa mdomo si kosa kubwa. Mtumbwi ulio na weupe chini usinunuliwe kabisa.

Baada ya mti, mnunuzi achuchumae mbele na nyuma ya chombo. Watu wengi hutazama katikati, lakini ufa hauanzii huko. Gogo lina kitovu, pale miduara ya ukuaji inapoanzia, na fundi akikiacha kitovu hicho kwenye ncha, mti unapokauka nyufa hutoka hapo kama miale na kwenda pande zote. Fundi stadi huchonga ncha zake upande mmoja wa kitovu, au hukiondoa chote. Ufa mwembamba kama uzi uliosimama wima kwenye ncha unaweza kuzibwa kwa pamba na lami. Ufa unaolala, unaofuata urefu wa chombo kuelekea katikati, utaendelea kukua kila kiangazi. Penye kiraka cha bati lililopigiliwa misumari, bati liangaliwe kwa ndani pia: msumari uliopenya na kushika kutu umeshaanza kuozesha mti unaouzunguka.

Nyuzi za mti nazo husema mengi. Zikienda sambamba na urefu wa mtumbwi, mti ulikuwa mnyoofu. Zikizunguka kama kamba iliyosokotwa, chombo kitajipinda kadiri kinavyokauka, na kitavuta upande mmoja maisha yake yote.

Sasa chini. Hapa ndipo mafundi wanapotengana, na hapa mnunuzi atumie muda mwingi kuliko kwingine. Tako la mtumbwi linapaswa kuwa nene kuliko mbavu, na unene upungue polepole kadiri ubavu unavyopanda. Sababu ni mbili. Uzito ukikaa chini, chombo hurudi chenyewe kinapoinama. Halafu kila siku mtumbwi huburutwa kwenye mchanga na kokoto, na kila kugonga kisiki huacha alama. Tako huliwa taratibu, na lililoanza jembamba halifikishi miaka mingi. Fundi anayetaka kazi iishe haraka huchonga unene mmoja kila mahali, au mbaya zaidi, hupitiliza tezo chini kwa sababu ndiko linakofika kirahisi, akaacha mbavu nene ambako mkono hupata shida kuingia.

Unene hupimwa kwa sikio. Mpimaji hukunja kidole na kugonga kuanzia ukingoni hadi tako, kisha upande wa pili. Mlio unapaswa kubadilika pole kutoka mwembamba juu hadi mzito chini, na pande mbili zilizo kwenye kimo kimoja zilie sawa. Mlio ukiruka ghafla, kuna sehemu tezo lilizama. Ukiwa mfu, usio na mwitikio, kuna uozo au kiraka kilichofichwa kwa rangi. Alama za tezo zilizobaki ndani zisimtie mtu wasiwasi. Zikiwa fupi, zenye mpangilio mmoja, ni ushahidi kwamba fundi alikuwa akiondoa mti kidogo kidogo huku akisikiliza.

Mdomo wa mtumbwi wa Nyasa hushangaza mgeni kwa wembamba wake. Mbavu hupanda kisha hukunjikia ndani. Wimbi linapopiga ubavu huteleza juu ya mkunjo huo badala ya kumwagika ndani, na mti ulioachwa juu huzuia chombo kupanuka na kupasuka. Gharama yake anailipa fundi, maana hutoa mti wote wa ndani kupitia mwanya huo, na mvuvi pia hubanwa anapopanga nyavu. Wapo wanaoagiza mdomo mpana kwa ajili ya nafasi. Kwa Masoko ni sawa. Kwa mtu anayekusudia kutoka Matema asubuhi ya Julai, ni uamuzi mbaya, na fundi mwaminifu atamwambia hivyo kabla ya kupokea malipo ya awali.

Yote hayo yakipita, mtumbwi ushushwe majini. Ukiwa mtupu, mnunuzi asimame nyuma yake na kuutazama: usiinamie upande. Kisha aingie na kukaa, atikise kiuno. Mtumbwi wenye tako bapa humfurahisha anayejifunza, kwa kuwa hautikisiki kwenye maji tulivu; wimbi la pembeni likija, tako hilo hulifuata wimbi na kumwinamisha mtu pamoja nalo. Wenye tako la mviringo kidogo huyumba tangu mwanzo, lakini wimbi hupita chini yake, na uzito wa chini huurudisha. Mnunuzi mzoefu hutafuta huo unaoyumba, ukafika mahali ukagoma, kisha ukarudi. Baadaye apige kafi mara kadhaa kwa nguvu na kuacha. Chombo kinyoofu huendelea mbele kwa urefu wake mara mbili au tatu. Kilichopinda hugeuza uso kabla ya hapo, na kosa hilo halina tiba. Mwisho, wapakiwe watu wawili na gunia la mchanga badala ya wavu: ikiwa kati ya maji na ukingo haitabaki shubiri moja, mtumbwi ni mdogo kwa kazi.

Kafi nalo lisisahauliwe. Lifike kidevuni mtu akiwa amesimama, na jani lake liwe na ukingo usiopasuka, kwa sababu kati ya magogo kafi ndilo jicho la mvuvi: ndilo linalopapasa mbele na kugundua kisiki ambacho maji yamekificha.

Kuhusu uvuvi wenyewe penye miti, kila samaki ana tabia yake. Mbasa, fahari ya wilaya ya Kyela, hukimbiza samaki wadogo waitwao usipa kwenye maji ya wazi na hupanda mitoni kuzaa kwenye changarawe; gogo kwake ni kitu cha kupita. Perege, ambao wengi huku huwaita magege, na kambale ndio hutafuta kivuli cha mti uliozama. Mvuvi anayejua kazi hulikaribia gogo kwa namna ambayo upepo utamsukuma kutoka kwake, asije akabanwa ubavu. Hufunga kwa ncha ya mbele, kwa fundo linalofunguka kwa kuvutwa mara moja, na kamwe hafungi ubavu penye mkondo wa mto, maana maji hulaza chombo kilichokaa mkingamo. Ndoana yake ni ya waya mwembamba na mshipi wake ni imara: ikinasa kwenye mti, ndoana hunyooka na kutoka. Chubwi hufungwa kwa uzi dhaifu kuliko mshipi ili likikwama likatike peke yake. Samaki akishika, huvutwa papo hapo kuelekea maji ya wazi, bila kumpa nafasi ya kuzunguka tawi.

Mbinu hizo zinajulikana kote penye miti majini. Samaki wa bas, aliyetoka Marekani na kupandikizwa Naivasha nchini Kenya mwaka 1929, huvuliwa kwa akili hiyohiyo pembeni mwa mafunjo. Huko kwao, bwawa la Toledo Bend kati ya Texas na Louisiana lilifunika msitu mnamo miaka ya 1960, na hadi leo boti hupita kwenye njia zilizosafishwa na kuwekwa alama katikati ya miti. Tanzania ina bwawa lake la namna hiyo. Anayesafiri kutoka Iringa kwenda Dodoma huliona bwawa la Mtera, na miti iliyokufa ikiwa bado imesimama majini. Kwa mazingira ya aina hiyo, tako nene la mti mmoja lina faida ambayo boti la mbao za kuunga halina: kisiki kikiligonga, hakuna kiungo cha kufunguka wala kalafati ya kutoka. Huacha kovu, safari ikaendelea.

Kumtunza mbasa ni sehemu ya ustadi pia. Samaki huyu amewekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na jarife linalowekwa kukinga mdomo wa mto msimu wa kuzaa huvua wazazi pamoja na kizazi chao. Mvuvi bora hutega pembeni, nje ya njia yao. Kokoro, wavu wa kukokotwa, limekatazwa kisheria, na katazo hilo ni la haki.

Utunzaji wa chombo hauhitaji mengi. Mtumbwi mpya ukaushwe polepole chini ya kivuli, ukifunikwa majani. Usipotumika siku nyingi wakati wa kiangazi, ujazwe maji au uzamishwe kwenye kina kifupi, kwa sababu jua la Kyela hupasua mti mtupu kuliko mawimbi yanavyofanya. Na unapotolewa majini ubebwe kwenye magogo ya kuviringisha, usiburutwe.

Kabla ya fedha kubadilisha mikono, mnunuzi aombe kuona kibali cha kuvuna mti kutoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu, kwani mninga, mvule na mkangazi haikatwi kiholela, na mtumbwi usio na historia ya halali unaweza kukamatwa ukiwa mikononi mwake. Baada ya hapo aende kwa afisa uvuvi wa halmashauri kuusajili na kuukatia leseni. Na fundi anayekataa mtumbwi wake usijaribiwe majini, aachwe nao. Mnunuzi ashike njia hadi mwalo unaofuata.