Jukwaa Lisilo na Paa

Kuna kauli inayopendwa kwenye semina zetu za sanaa za maonyesho: tamthilia ya Kiafrika haihitaji jengo, chini ya mwembe panatosha. Kila nikiisikia nakumbuka Kamĩrĩĩthũ.

Mwaka 1977, wakazi wa kijiji hicho cha Limuru, Kenya, walijijengea jukwaa la wazi lenye nafasi ya watazamaji zaidi ya 2,000. Wengi wao walikuwa wakulima na vibarua wa mashamba na viwanda vya jirani. Oktoba 2 walianza kuonyesha Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda, ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Novemba 16 kibali kikafutwa. Mwaka ulipokuwa unaisha, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini.

Wasomaji wengi huishia hapo na kuhitimisha kwamba serikali iliogopa maneno. Lakini mwaka 1980 tamthilia hiyohiyo ilichapishwa na kuuzwa madukani. Maneno yalikuwa yaleyale. Kilichokatazwa ni maneno hayo kusemwa na wanakijiji, mbele ya wanakijiji wenzao, mahali walipopajenga wenyewe.

Mapema 1982 kundi hilo lilitaka kuonyesha tamthilia nyingine katika Kenya National Theatre, Nairobi. Jumba hilo lilifunguliwa 1952, mwaka uleule wakoloni walipotangaza hali ya hatari. Wanakijiji walikuta milango imefungwa. Machi, usajili wa kituo chao ukafutwa, kisha polisi wakaja kulibomoa jukwaa. Kama mahali si kitu, kwa nini serikali ihangaike kubomoa miti na mbao za kijijini?

Nauliza hili nikifikiria kwetu Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa. Jumba la kihistoria la tamthilia hatuna. Tuna mganda, ngoma ya mistari na hatua za gwaride ambayo asili yake wanahistoria huihusisha na askari wa zama za Vita Kuu ya Kwanza. Mganda una mavazi, vyeo, mashindano na watazamaji wanaojua nani kakosea hatua. Una kila kitu cha tamthilia isipokuwa mahali pake. Uwanja ni wa kuazima, na mwenye uwanja akiuhitaji, ngoma inasubiri.

Utaniambia: kama jukwaa la Kamĩrĩĩthũ lilibomolewa, kujenga kuna faida gani? Angalia mazoezi yao. Yalifanyika hadharani, kwa miezi. Aliyetaka alikuja kutazama. Wazee walisahihisha lugha ya wahusika, wafanyakazi wakaeleza kiwandani mambo yanaendaje hasa, na tamthilia ikabadilika mikononi mwao. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kwenye uwanja wa kuazima kwa saa mbili. Inataka mahali ambapo mtu anaweza kurudi kesho akijua atawakuta wenzake.

Kwa hiyo nadhani kauli ya mwembe inatupunguzia madai yetu kabla hata hatujadai. Inamfaa zaidi mwenye bajeti kuliko mwenye ngoma. Vikundi vya Mbinga havihitaji jumba la marumaru lenye jina la mfadhili mlangoni. Vinahitaji kipande cha ardhi kisichohamishwa kila msimu, hata kama hakina paa.