Nyama ya Mbega na Kura Zetu

Kisa cha Mbega vijana wengi wa Usambara tunakijua kwa kusimuliwa tu. Kitabu chenyewe, Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, ni wachache waliokifungua. Mwaka 1962 kilitolewa upya chini ya uhariri wa J. W. T. Allen. Wanaokisoma hukichukua kama historia ya watawala. Nionavyo mimi, ni kitabu cha watu waliochagua.

Hebu tumtazame huyo Mbega. Ni mwindaji wa Nguu, kigego aliyekataliwa na ndugu zake. Anapita Kilindi na Zirai, anafika Bumbuli, kisha Vuga. Njiani anaua nguruwe wanaomaliza mazao, anagawa nyama, anasuluhisha magomvi. Watu wanampenda. Bumbuli wanamwoza mke. Vuga anaua simba, wanampa enzi. Hakuvamia mtu. Sanduku la kura halikuwepo, lakini kuchaguliwa alichaguliwa.

Ubora wa mwandishi uko hapa: anawaacha wazee waseme wenyewe, wakae vikao, watumiane wajumbe. Lugha yake haina madoido, unasoma kama unayesikiliza. Udhaifu wake ni kwamba aliwatumikia Wakilindi, na macho yake yako karibu na baraza kuliko shamba. Anatueleza sana walivyompenda Mbega. Walimpa enzi kwa masharti gani? Hapo hakazii.

Basi tuulize sisi. Je, walikosea? Kuua nguruwe ni kazi: shamba la kila mtu linapona, hata la yule asiyempenda Mbega. Nyama ni zawadi: inaingia chunguni kwa aliyepewa, kesho imekwisha. Kumchagua mtu kwa kazi ni busara. Kumchagua kwa nyama ni kuuza. Tatizo ni kwamba vyote viwili vilitoka mkono mmoja, na utamu wa nyama ukafunika hesabu ya kazi.

Baadaye anatawala Buge, mwanawe Mbega kwa yule mke wa Bumbuli. Sasa kiti kinatolewa kwa kuzaliwa, na sisi watu wa Bumbuli tunajisifu kwamba ni mtoto wa dada yetu. Kimweri alipofariki mwaka 1862, kizazi hicho hicho cha Mbega kikapigana chenyewe kwa chenyewe, raia wakakamatwa na kuuzwa utumwani. Waliouzwa hawakuionja ile nyama jamani! Ilikuwa imeliwa zamani, na wengine.

Ndiyo maana kitabu hiki kinatuhusu. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi iliruhusu takrima, eti ni ukarimu wa kawaida wa Kiafrika. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo. Lakini mahakama haiwezi kuingia tumboni mwa mpiga kura. Wapo wanaosema, "Tule zao, kura tutapiga tunakotaka." Maneno matamu, na mwenye njaa simlaumu haraka. Ila aliyekula ataanzaje kusimama mkutanoni kuuliza? Mgombea naye anajua: huyu nilishamlipa, deni limekwisha.

Kiwanda cha chai cha Mponde kilikaa miaka kadhaa kimefungwa. Mkulima wa Bumbuli majani yalikomaa shambani, pa kuyapeleka hakuwa napo: huyo ndiye nguruwe wetu wa leo. Fulana na sahani ya pilau hazimuui nguruwe huyu. Anayeomba kura na aulizwe amemwinda wapi na lini, hata kama ni mpwa wetu.

Ndugu msomaji, kitafute kitabu hiki ukisome. Ukifika pale nyama inapogawiwa, usipite haraka. Mtafute mtoto ambaye hajazaliwa, ujiulize yeye anapewa nini.